Nguzo Mama ichezwe Mbumbuni, isiishie vitabuni

Wanawake wa kijiji cha Patata wana kazi moja: kuisimamisha nguzo iliyolala chini. Kamba wanayo, nguvu wanazo, na aliyekuja amekuja kwa hiari yake. Wanavuta. Kisha mmoja anafuatwa na shida aliyoiacha nyumbani, anaachia kamba na kuondoka. Mwingine naye ana yake. Majina hawana, mwandishi amewaita Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, na kuendelea hadi Bi Nane. Pembeni yuko Bi Msimulizi, anayewaeleza watazamaji yanayotendeka, na Chizi, ambaye kazi yake kubwa ni kuwacheka. Tamthilia inakwisha nguzo ingali chini.

Hiyo ni Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1982. Nchini Tanzania, Muhando, au Profesa Penina Mlama kama anavyojulikana zaidi kazini, ni jina zito. Upande huu wa mpaka mambo ni mengine. Aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika shule za Kenya atakutajia Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya na Bembea ya Maisha za Timothy Arege, au Kigogo ya Pauline Kea. Waliokula chumvi kidogo watakumbuka Kinjeketile na Mashetani za Ebrahim Hussein. Muhando hukutwa chuo kikuu, tena kwa kupitiwa haraka. Inashangaza, kwa sababu mwanamke huyu alifanya kazi Nairobi kwa miaka kadhaa akiwa mkurugenzi mtendaji wa FAWE, shirika la wanawake Waafrika wanaopigania elimu ya wasichana, ambalo makao yake makuu yako jijini humo.

Tamthilia hiyo ingefaa ipelekwe Mbumbuni. Si kwa hisani, wala si kwa kuwaelimisha watu wa huko. Mbumbuni iko Mbooni Mashariki, kaunti ya Makueni, ambako vilima vya Mbooni vinateremka kuelekea nchi kavu. Wanawake wa vilima hivyo wamekuwa wakishika kamba na majembe kwa pamoja tangu zamani, na kazi yao ilidumu. Ni nadra tamthilia kupata watazamaji wenye haki ya kuibishia kiasi hicho.

Kabla ya kufika huko, kuna deni la kitaaluma la kulipwa. Wasomi huiweka Nguzo Mama katika fungu la tamthilia za kiepiki, na hapo jina la Bertolt Brecht halikosi kutajwa. Brecht, Mjerumani aliyezaliwa Augsburg mwaka 1898 na kufariki Berlin mwaka 1956, alichoshwa na michezo ya kuigiza inayomliza mtazamaji, ikamfanya ajione mtu mwema, kisha ikamwacha arudi nyumbani akalale. Alitaka mtu akae akijua kwamba anatazama mchezo, akili yake iwe macho, ajiulize kama ilikuwa lazima mambo yaende vile. Ndiyo maana akaleta wasimulizi, akakatiza matendo kwa nyimbo, akatundika mabango, akaruka kutoka tukio hadi tukio bila kuona haya.

Mfano wake mmoja unatosha. Mwaka 1941, mjini Zürich, ilichezwa kwa mara ya kwanza tamthilia yake kuhusu Mama Courage, mchuuzi anayelifuata jeshi na mkokoteni wake wa bidhaa huku vita vikimla mtoto mmoja baada ya mwingine. Watazamaji walimlilia. Brecht hakupendezwa. Alirekebisha baadhi ya matukio ili ionekane wazi kwamba mama huyo huyo anayefiwa anaishi kwa faida ya vita. Hakutaka ahurumiwe tu. Alitaka hesabu zake zikaguliwe. Na katika tamthilia nyingine, ile ya mtu mwema wa Sezuan, iliyoonyeshwa Zürich mwaka 1943, mwigizaji hujitokeza mwishoni kuwaomba radhi watazamaji kwamba mchezo hauna mwisho wa kuridhisha, akawaachia wautafute wenyewe.

Mtu akiyasoma hayo kisha akaifungua Nguzo Mama, vidole vinawasha kuweka tiki. Msimulizi yupo, nyimbo zipo, wahusika ni namba badala ya watu wenye majina, na mwisho umeachwa wazi. Tiki nne, makala ya kitaaluma imekwisha: Muhando kaathiriwa na Brecht.

Ni nusu ya ukweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Muhando alisoma na kufundisha sanaa za maonyesho, kilikuwa mahali ambapo Brecht alisomwa na kujadiliwa. Ebrahim Hussein, aliyefundisha huko pia, alikwenda hadi Berlin Mashariki, Chuo Kikuu cha Humboldt, akaandika tasnifu yake kuhusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Lakini Muhando alipofika kwenye tasnifu yake ya uzamifu, mwaka 1983, alielekea upande mwingine kabisa. Aliandika juu ya sanaa za maonyesho za jadi kama chombo cha kufundishia, na mfano wake ulikuwa Wakaguru wa Morogoro, mkoa alikozaliwa. Alichokuwa akikitafuta ni namna jamii isiyo na jumba la maonyesho inavyofunda vijana wake kwa ngoma, nyimbo, hadithi na uigizaji, bila kuwatenga wachezaji na watazamaji.

Msimulizi hakuhitaji kupanda meli kutoka Ulaya. Bibi anayesimulia hadithi jioni hujitoa ndani ya hadithi yake apendavyo. Hugeuka sungura, hugeuka zimwi, kisha ghafla ni bibi tena anayemkemea mtoto anayesinzia, na wimbo ukiingia kila mtu anaitikia. Hakuna mtoto anayesahau kwamba huyo ni bibi. Kile ambacho Brecht alihangaika kukifikia kwa nadharia, kijijini kilikuwa desturi. Na Brecht mwenyewe hakudai kwamba alikizua peke yake: mwaka 1935, mjini Moscow, alimwona mwigizaji wa Kichina Mei Lanfang akicheza, akastaajabu jinsi anavyoweza kumwonyesha mhusika bila kujifanya yeye ndiye mhusika. Mengi aliyoyaandika baadaye kuhusu kumtenga mtazamaji na tukio yalitokana na jioni ile. Kwa hiyo anayesema mbinu za Muhando ni za Kijerumani aeleze kwanza kwa nini za Brecht zisiitwe za Kichina.

Ukambani, iliko Mbumbuni, nako hakuna upungufu. Kilumi, ngoma ya akina mama wenye umri, ina ngoma kubwa zinazopigwa na wanawake wenyewe, na aliyeanza akiwa mtazamaji hujikuta uwanjani. Kuna pia myali, nyimbo za kukejeli, ambamo mvivu, mlevi au kiongozi mlafi husutwa hadharani kwa mafumbo ambayo kila mtu anayaelewa. Wimbo wa namna hiyo haumpi msikilizaji nafasi ya kulia. Unamcheka mtu huku ukitaka abadilike, na anayecheka naye hujiuliza kama zamu yake haijakaribia. Brecht angelipia kiingilio kuusikia.

Faida ya Muhando ni kwamba aliviona vyote viwili kwa pamoja: nadharia ya chuo na desturi ya kijiji. Isitoshe, alikuwa na sababu ya kuvitumia wakati ule. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sanaa nyingi za Tanzania zilikuwa na jibu mfukoni kabla ya swali kuulizwa. Ngonjera alizozikuza Mathias Mnyampala zilijenga hoja pande mbili, lakini kila mtu alijua upande upi utashinda. Mnyonyaji aliaibika, mkulima akashangiliwa, watoto wa shule wakapiga makofi. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 maduka yalikuwa matupu na hotuba zilikuwa zile zile. Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulikuwa umetimiza miaka 20 tangu uundwe mwaka 1962, na Umoja wa Mataifa ulikuwa katikati ya muongo wake wa wanawake, uliofungwa kwa mkutano mkubwa wa Nairobi mwaka 1985. Risala hazikuisha. Katika hali hiyo, kuandika tamthilia ambayo nguzo ya akina mama inakataa kusimama ulikuwa ujasiri.

Mtazame mjane wa Patata. Mumewe amefariki, na ndugu za marehemu wanakuja kuchukua mali. Tukio hilo lingeweza kuandikwa kwa namna ya kumwaga machozi ya ukumbi mzima, na waandishi wengine wamefanya hivyo. Muhando hakumpa hata jina la kumlilia. Namba yake inamzuia mtazamaji kusema "maskini fulani" na kumaliza. Akishakuwa Bi fulani wa foleni, swali linageuka: huyu ni wa ngapi, na nani anafuata? Linganisha na Natala, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyotoka mwaka 1997. Humo pia mwanamke anaambiwa mumewe amekufa, na wanaotaka shamba na mwili wake hawangoji hata kilio kipoe. Natala ana jina, ana ulimi mkali, anapigana, na mtazamaji anamshangilia. Ni tamthilia ya kusisimua kuliko Nguzo Mama, na jukwaani huenda ikapata makofi mengi zaidi. Lakini ushujaa wa mtu mmoja una hatari yake: watu wanarudi nyumbani wakitamani wangekuwa na Natala kijijini kwao.

Hii haina maana kwamba Nguzo Mama haina dosari. Chizi amepewa nafasi ya kuwakejeli wanawake wanaojaribu kufanya jambo, na mwongozaji asiye makini atamwachia mchezo wote. Ukumbi utacheka naye, mzaha wake uwe ndio ujumbe. Tena upo ukweli katika lawama kwamba tamthilia inaweza kusomeka kana kwamba wanawake wanashindwa kwa sababu hawapatani. Ni usomaji wa juujuu, kwa sababu kila anayeachia kamba tunaonyeshwa kinachomvuta: mume, ufukara, wakwe, ulevi. Hata hivyo mwandishi aliiacha nafasi hiyo ya kupotoshwa wazi mno. Wahusika wenye namba nao, wakichezwa na waigizaji wavivu, huishia kuwa namba kweli.

Sasa Mbooni. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliandika juu ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kana kwamba ni nchi inayokufa: makorongo kila upande, udongo ukienda na mvua. Dawa yake ya kwanza ilikuwa kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, jambo lililomfanya Muindi Mbingu awaongoze watu hadi Nairobi mwaka 1938 kumtaka gavana, na likamfanya apelekwe kifungo cha uhamishoni Lamu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaja amri ya kuchimba matuta. Wanaume wengi walikuwa mijini wakitafuta kazi. Waliochimba, kwa sehemu kubwa, ni wanawake.

Mwanzoni ilikuwa kazi ya kusukumwa, na iliyosukumwa haikudumu. Iliyodumu ni ile iliyorudi mikononi mwa mwethya, kikundi cha kufanyiana kazi ambacho Wakamba walikuwa nacho kabla ya Mzungu. Watu walichagua wenyewe wa kufanya nao kazi na kiongozi wa kumsikiliza. Kamba inanyooshwa kukatiza mteremko, pimamaji inaning'inizwa katikati, vigingi vinapigwa kufuata usawa. Kisha mtaro unachimbwa na udongo unarushwa upande wa juu, si wa chini, ili mvua zenyewe zimalizie kazi ya kulisawazisha shamba. Njia hiyo inaitwa fanya juu, na kwa jina hilo hilo la Kiswahili imeingia katika vitabu vya kilimo vya ulimwengu. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba katika miaka 60 hivi idadi ya watu wa Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano na mmomonyoko ukapungua. Mbooni ilikuwa mojawapo ya sehemu walizozichunguza.

Kwa nini, basi, kamba ya Mbooni ilishikwa mpaka mwisho na ya Patata ikaachiwa? Hapa ndipo tamthilia ya Muhando inapohitaji watu wa Mbumbuni.

Jibu moja, ambalo mwanachama yeyote wa mwethya angelitoa bila kufungua kitabu, ni zamu. Leo wanachimba kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Asiyefika bila sababu ya maana anatozwa, na shamba lake linaweza kurukwa. Shida ya kila mmoja haimwondoi katika kazi, kwa maana shida yake ndiyo kazi yenyewe siku yake ikifika. Nguzo ya Patata haina mwenyewe. Ni ya wote kwa jina, na hakuna hata mmoja anayerudi nyumbani na kipande chake. Bi Pili akiachia kamba hapotezi chochote anachoweza kukionyesha kwa kidole. Wanawake wa Patata waliitwa kusimamisha nembo, wale wa Mbooni wakachimba mtaro ambao mvua ya kwanza ingeukagua.

Lakini mwongozaji mwerevu asingewaachia watazamaji wa Mbumbuni waondoke na ushindi huo. Angewauliza: shamba mlilolichimba liliandikwa jina la nani? Matuta mengi yaliyochimbwa na wanawake yako kwenye ardhi ya waume na koo. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kufanya kazi mwaka 1981, mwaka mmoja tu kabla ya Nguzo Mama kuchapishwa, na Katiba ya 2010 inatamka katika kifungu cha 45 kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, katika ndoa na inapovunjika. Hata hivyo, mjane anayefukuzwa na shemeji si mhusika wa kubuni mahali popote nchini. Mwethya unaweza kulinda udongo usichukuliwe na maji, ukamwona mwanachama wake akichukuliwa udongo wote kwa barua ya ukoo. Hapo watazamaji wamerudi Patata, na safari hii hawawezi kuwacheka wanawake wake.

Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo tamthilia ya kiepiki, si orodha ya mbinu. Muhando aliyatafuta kwa vitendo. Kati ya mwaka 1982 na 1983, yeye, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, kijiji cha wilaya ya Kwimba, Mwanza. Hawakubeba mswada. Waliwauliza wanakijiji kinachowasumbua, suala la mimba za wasichana likajitokeza, na wanakijiji wakaligeuza kuwa ngoma na maigizo waliyoyacheza wenyewe kisha kuyajadili. Mwaka 1996 mradi wa TUSEME ulianza katika shule za sekondari za Tanzania, wasichana wakiigiza matatizo yao mbele ya walimu na wazazi, na FAWE ikaueneza katika nchi nyingine za Afrika, Kenya ikiwemo. Hiyo ni kazi ya mtu ambaye hakutosheka na watazamaji wa chuo.

Sasa geukia darasa la kidato cha nne lolote Ukambani, au popote Kenya. Tamthilia iko mezani, na kando yake mwongozo. Mwalimu anakimbizana na silabasi. "Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama nne." Nani anamwambia nani, wapi, kwa nini. Kisha mbinu za lugha, kisha sifa za mhusika, hoja kumi. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kusimama hata mara moja kutamka sentensi ya mhusika kwa sauti. Wimbo ulioandikwa ili uimbwe unasomwa kimyakimya na kuandikiwa pambizoni: "matumizi ya nyimbo". Inheritance ya David Mulwa, mtunzi wa Ukambani aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kenyatta, ilitahiniwa hivyo hivyo kwa upande wa Kiingereza. Tamthilia hiyo inaanzia enzi ya mkoloni kisha inaruka miaka 30 mbele, mruko ambao jukwaani ungemfanya mtazamaji ajiulize kilichobadilika ni nini hasa. Darasani uligeuka kuwa "mbinu rejeshi au mbinu ya wakati?"

Walimu si wa kulaumiwa sana. Wanapimwa kwa matokeo. Wenye lawama ni waliokubali kwamba uigizaji ni wa tamasha la mara moja kwa mwaka na fasihi ni ya mtihani, viwili visikutane.

Wenye mamlaka, kwa upande wao, hawajawahi kuudharau uigizaji. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kwa wiki chache tu kabla ya leseni kufutwa, na mwaka ukafungwa kwa Ngũgĩ wa Thiong'o kutiwa kizuizini. Mwaka 2013 Shule ya Wasichana ya Butere ilizuiwa kucheza Shackles of Doom hadi Mahakama Kuu ilipoingilia. Aprili 2025, huko Nakuru, wasichana wa shule hiyo hiyo walifika kwenye tamasha la kitaifa na Echoes of War, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kucheza, na polisi wakatumia vitoa machozi. Hakuna aliyewahi kurushiwa kitoa machozi kwa kujibu swali la muktadha wa dondoo.

Wakati wa kubadili ni huu. Gredi ya 10 ya mfumo mpya wa elimu ilianza Januari 2026, na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo una somo la maigizo na filamu. Shule nyingi za mashambani zitalikwepa kwa kisingizio cha ukumbi na vifaa. Nguzo Mama inakitoa kisingizio hicho njiani. Inahitaji gogo, kamba, wanawake wanane, msimulizi mwenye sauti na uwanja wa soko.

Inaweza kufanywa hivi. Wanafunzi wa shule za Mbumbuni na majirani zao wa Tawa na Kisau waigize sehemu za kuzungumza, na nyimbo zikabidhiwe vikundi vya akina mama, waziimbe kwa Kikamba na kwa namna ya myali. Kiswahili cha Muhando ni chepesi, kitasikika. Nyimbo za Kikamba zitakata usemi pale pale ambapo mwandishi alitaka ukatwe. Chizi achezwe na mwanamke, ili kejeli yake ibadilike ladha. Nguzo iwe gogo zito kweli, lisiloinuliwa na watu wawili, kwa sababu kazi bandia jukwaani huzaa mjadala bandia. Na gogo likishaanguka mara ya mwisho, pasiwe na mgeni rasmi wa kutoa hotuba. Bi Msimulizi awageukie watu, aulize nani anataka kushika kamba, kwa masharti gani, na nguzo ikisimama itakuwa kwenye boma la nani.

Idara ya utamaduni ya kaunti ya Makueni ina uwezo wa kugharimia jambo hili, na haligharimu hata sehemu ndogo ya tamasha moja la wanasiasa. Wachapishaji nao wairudishe Nguzo Mama kwenye maduka ya vitabu ya Wote, Machakos na Kitui. Walimu wa Kiswahili wa Mbooni wasingoje barua kutoka Nairobi. Waanze na tukio la mjane, muhula huu, nje ya darasa, chini ya mti, na mama zao wanafunzi waalikwe.